Kiini cha Pili

Machi 2
Daktari wa moyo amenipa daftari hili niandike kila asubuhi uzito wangu na hali ya miguu. Kilo hamsini na nane. Miguu imevimba hadi chini ya goti; nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mvua hakuna.

Machi 3
Kilo hamsini na nane na nusu. Mvua hakuna.

Machi 5
Kilo hamsini na tisa. Daktari anasema uzito huu unaoongezeka ni maji, si nyama. Moyo umechoka kusukuma na maji yanatuama. Nilimwuliza nimebakiza muda gani. Akasema, "Bibi, mimi si mtabiri." Nikamwambia nimefundisha watu kupima vitu kwa miaka arobaini, kwa hiyo anipe kadirio tu, na aniambie anaweza kukosea kwa kiasi gani. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Msimu huu wa mvua," akasema. "Pengine utauona wote. Pengine hapana."

Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni, mkoba magotini. Tulipofika nyumbani akabandika maji ya chai, kisha nikamsikia kutoka jikoni: "Usidhani utaondoka uniachie yale makaratasi yako, Dada. Uyapange kwanza."

Machi 8, Jumapili
Tumeanza kupanga. Mdogo wangu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na hakuna kinachomfurahisha kama faili lenye tarehe mgongoni. Yeye anaandika lebo, mimi nasema kipi kibaki na kipi kichomwe.

Nilisomea viumbe wa seli moja, wale wasioonekana kwa macho matupu, wanaoishi katika tone la maji, wakila na kuwindana bila mkono wala tumbo. Kazi yangu ilikuwa kuwaainisha: kusema yupi ni ndugu wa yupi, na nani ametokana na nani. Mmoja wao nilimwundia oda yake peke yake, yaani kundi zima la ukoo, na oda hiyo imo katika vitabu vya chuo mpaka leo pamoja na mchoro wangu. Ni ukurasa mmoja tu. Nikiulizwa nimefanya nini duniani, nitaonyesha ukurasa huo.

Mdogo wangu alichomoa boksi la leso kutoka nyuma ya droo. "Na hili?"

Nikamwambia aliache. Akalitikisa karibu na sikio. "Lina kioo ndani."

Nikamwambia tena aliache, na nadhani sauti ilinitoka vibaya, maana aliliweka juu ya kitanda polepole, akatoka akafunga mlango.

Machi 9
Kilo hamsini na tisa. Joto. Mvua hakuna.

Machi 11
Nimelala na boksi lile chini ya mto, kama mtoto na pipi ya wizi. Afadhali niandike. Daftari limekwishazoea kupokea vipimo vyangu, na hiki nacho ni kipimo.

Ndani mna slaidi moja, kipande cha kioo kisichozidi urefu wa kidole. Kiumbe mpya akipewa jina, mtafiti hulazimika kuweka mahali pa umma sampuli moja ambayo jina lile limesimama juu yake. Mwenye shaka huenda kuitazama mwenyewe. Hiyo huitwa slaidi ya kielelezo, na ya kwangu ilikuwa katika kabati la idara. Miaka ishirini na sita iliyopita mtafiti mmoja wa nchi nyingine aliandika barua ya heshima akiomba kuiazima. Nilimjibu kwamba ilivunjika tulipokuwa tunahama jengo. Nikampa na pole kwa usumbufu. Kisha nikaitoa kabatini, nikaifunga kwa leso, nikaja nayo nyumbani.

Haikuvunjika. Haina hata ufa.

Machi 12
Sikupima. Nilichoka.

Machi 14
Kilo sitini. Napumua vizuri nikiwa nimeketi tu. Wingu lilikuja mchana likapita.

Tulimwita Jicho. Alikuwa mwanafunzi wangu wa shahada ya pili, msichana mfupi mwenye maneno machache, aliyeweza kumwona kiumbe akiingia ukingoni mwa hadubini kabla mimi sijamaliza kurekebisha lenzi. Nilikuwa nimekwisha kuchapisha ugunduzi wangu mwaka mmoja kabla. Nilisema kwamba katika madimbwi ya mvua nyuma ya machimbo ya kokoto nimempata kiumbe mwenye viini viwili: kimoja kikubwa, chake mwenyewe, na kingine kidogo kilicholala karibu na chembe za kijani, zile zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Nikasema hapa mla na mliwa wameacha uadui wakawa mwili mmoja, wa kudumu. Tawi jipya katika mti wa uhai. Watu walipenda. Hata mimi nilipenda.

Jicho aliwaweka viumbe wangu gizani siku kumi na mbili, bila chakula. Siku ya kumi na tatu akaingia ofisini kwangu ameshika kisahani cha kioo kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wamekuwa weupe."

Chembe za kijani zilikuwa zimekwisha. Kiini cha pili kilikuwa kimekwisha. Aliyebaki ni kiumbe wa kawaida, aliyejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, ambaye mimi nilimkuta ameshiba mwani nikamtangaza kuwa ajabu. Kiini changu cha pili kilikuwa mlo.

Nilimwambia amechafua kisahani. Nilimwambia ameingiza spishi nyingine kwa bomba la kudondoshea lisilooshwa vizuri. Akasema ameosha. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu, na mara ya tatu sikutazama hata hicho kisahani. Niliandika katika faili lake kwamba hana uangalifu unaotakiwa maabara. Sentensi moja. Hakupata shahada. Akaondoka, nami sikuuliza kaenda wapi.

Machi 17
Leo nimemwambia mdogo wangu yote, pamoja na lile la slaidi. Alisikiliza huku anakunja nguo. Nilipomaliza akabaki ameshika shati langu moja.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na wewe?"

"Arobaini na mbili."

"Basi hukuwa mtoto," akasema, akaendelea kukunja.

Baadaye aliniletea chai, akauliza nataka nini sasa. Nikasema nataka kumpa Jicho slaidi. Ndani yake ukweli upo, mtu yeyote mwenye hadubini atauona. Sina haja ya kusema mengi.

"Ahaa," akasema mdogo wangu. "Unataka kioo kiongee badala yako."

Machi 18
Kilo sitini. Mvua hakuna.

Machi 20
Mdogo wangu hajasahau njia za kupata watu. Simu tatu tu. Jicho anafanya kazi maabara ya idara ya maji, anapima maji ya bomba la mji. Yuko huko miaka thelathini na tano. Yaani maji haya ninayomeza na dawa yamepita chini ya jicho lake.

Simu ya nne alimpigia Jicho mwenyewe. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu. "Ndiyo, ni mimi mdogo wake. … Mgonjwa, ndiyo. … Hapana, hakunituma nikuombe chochote. … Sawa, mama. Jumapili."

Machi 22, Jumapili
Alikuja saa nne kamili. Nywele zimekuwa nyeupe, mabega yaleyale. Alivaa miwani, na hilo lilinishtua kuliko nywele.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia. Mdogo wangu akamkaribisha kiti, akamletea maji. Jicho aliyatazama kwenye mwanga kabla ya kunywa, kisha akaona tunamwangalia. "Mazoea," akasema. "Nyumbani wananicheka."

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilianza, nikakohoa, nikaishia kumpa boksi. Alifungua leso, akasoma lebo yenye mwandiko wangu wa zamani.

"Ilivunjika, nilisikia."

"Nilisema uongo."

Hadubini yangu ya zamani ipo kwenye meza ya dirishani. Aliifunua, akapangusa lenzi kwa ncha ya kitambaa chake, akaweka slaidi. Alitazama kwa robo saa. Akasogeza kioo huku na huku. Kisha akajitoa, akaniashiria nitazame. Mdogo wangu akanishika mkono hadi mezani.

Hakukuwa na kitu. Au kilikuwapo, lakini rangi tuliyotia ili viini vionekane imefifia kabisa kwa joto la droo na miaka. Vivuli vya manjano, kama madoa ya chai. Hakuna kiini cha kwanza wala cha pili.

Nitaandika na hili, kwa sababu sitakuwa na nafasi nyingine. Kabla ya huzuni kuja, nilihisi nafuu. Ilipita upesi, ila ilikuja kwanza. Nadhani Jicho aliiona.

"Hii haithibitishi kitu," alisema. "Wala kwako, wala kwangu."

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia.

"Najua kwamba nilikuwa sahihi, Mwalimu." Alisema kwa upole, jinsi unavyomsahihisha mtu tarehe. "Sikuja kuambiwa hilo. Ulisema kwamba nilichafua kisahani. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yangu, naye akaelewa kwamba nimefukuzwa kwa uchafu, na alikufa akiamini hivyo. Nataka ukae utazame, kama ulivyotakiwa kutazama ile mara ya tatu."

Mdogo wangu akauliza kama yale madimbwi bado yapo. Jicho akasema yapo, lakini makavu. Viumbe wamejifunga ndani ya udongo wakisubiri. Mvua ikinyesha, siku tatu nne, watatoka.

"Basi tusubiri mvua," akasema mdogo wangu, kana kwamba nyumba ni yake peke yake na mimi sina ratiba nyingine.

Machi 23
Jana sikumwambia Jicho jambo moja. Ninamwandikia hapa, na daftari nitampa.

Sikudanganyika. Siku niliyochora mchoro ule, miezi mingi kabla yeye hajaingia maabara yangu, katika slaidi hiihii kulikuwa na seli moja pembeni ambamo chembe ya kijani ilikuwa imekwisha nusu, kingo zimelika, na kile kiini kidogo kimepasuka. Niliiona asubuhi. Niliitazama mpaka nikaielewa. Halafu nikasogeza slaidi kidogo, seli ile ikatoka nje ya duara, nikachora waliobaki.

Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Machi 24
Mvua. Ilianza alasiri, nzito, ikapiga bati hadi hatukusikiana. Kilo sitini na moja.

Machi 25
Mvua.

Machi 26
Mvua. Miguu mizito kama si yangu.

Machi 29, Jumapili
Jicho alikuja na viatu vya mpira, matope hadi magotini, na chupa mbili kwenye kikapu. Mdogo wangu alimzuia mlangoni na ndoo. "Sayansi baadaye, miguu kwanza."

Walikuwamo. Alinirekebishia lenzi, nikawaona wakipita, wanene, wa kijani, wakijigeuza kama watu wanaotafuta upande mzuri wa kitanda. Sikuwa nimewaona hai kwa miaka mingi. Bado ni wazuri sana. Nilielewa tena kwa nini nilitaka wawe wangu.

Aliwahamisha mmoja mmoja katika maji yaliyochujwa, akafunika kisahani. Nikadhani ataondoka nacho.

"Hapana. Kitakaa kwako. Kabatini mwako, na ufunguo uwe wako. Usije ukasema tena nimekichafua."

Akazungusha utepe wa karatasi wenye gundi, akanipa kalamu nitie saini juu ya kiungo. Saini inafanana na mnyoo. Mdogo wangu alifurahi sana, akaandika karatasi akaibandika kwenye mlango wa kabati: Kielelezo namba moja. Kisifunguliwe bila wahusika wote kuwapo.

Siku kumi na mbili. Yaani hadi tarehe kumi.

Machi 31
Siku ya pili. Mvua. Kilo sitini na moja na nusu. Daktari ameongeza dawa.

Aprili 2
Siku ya nne. Kabati liko mbele ya kitanda changu. Ufunguo uko shingoni kwa uzi. Ukifungua mlango ule mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, mwanga utawatosha. Chembe za kijani zitaendelea kufanya kazi, na tarehe kumi watakuwa bado wa kijani, na hakuna atakayejua. Ninaandika hivi ili niwe nimeandika. Nimemwita mdogo wangu nikampa ufunguo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Najijua."

Akauvaa yeye, ndani ya blauzi.

Aprili 3
Siku ya tano. Nimeanza barua kwa jarida lililochapisha ugunduzi wangu. Jarida bado lipo, wahariri ni wapya. Nimesoma rasimu kwa sauti: "Katika utafiti ule kosa lilitokea, na matokeo ya mwanafunzi hayakupewa uzito uliostahili."

Mdogo wangu alikuwa anashona kifungo. "Nimeandika maelezo ya washtakiwa miaka thelathini, Dada. Hakuna aliyewahi kumchoma mtu kisu. Kila mara kisu kilikuwa kinapita, kikamkuta marehemu amesimama."

Nimeichana rasimu.

Aprili 5, Jumapili
(Ninaandika haya tarehe nane.) Asubuhi sikuweza kupumua. Ilikuwa kama kunywa hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Walinipeleka hospitali mvua ikinyesha, mdogo wangu amenishikilia kichwa, anamfokea dereva kila shimo. Wakanitundikia dawa ya kukamua maji. Siku tatu kitandani, dari jeupe, mgonjwa wa pembeni anayehesabu vigae.

Siku ya pili Jicho alikuja, akiwa na sare yake ya kazini. Nilimwambia kabati liko salama, ufunguo anao mdogo wangu. Nilimwambia, nikifa kabla, wafungue bila mimi.

"Bila wewe haina maana," alisema. "Matokeo ninayo tangu zamani."

Kisha akavuta kiti. Nikampa daftari hili, maana lilikuwa mkobani, nikamwonyesha ukurasa wa tarehe ishirini na tatu Machi. Alisoma mara moja. Niliona kidole chake kikirudi kwenye mstari kuhusu asubuhi ile.

"Kabla sijafika," alisema.

"Kabla hujafika."

"Kwa hiyo nilipokuja na kisahani, hukuwa unabisha. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alifunga daftari, akaliweka kwenye blanketi, akaondoka bila kuaga. Nilifikiri ndio mwisho, na kwamba tarehe kumi itapita kama siku nyingine.

Aprili 8
Nyumbani. Kilo hamsini na saba. Daktari amemwambia mdogo wangu mambo koridoni, naye amerudi na uso wa kufurahi sana.

Aprili 9
Siku ya kumi na moja. Barua imekwisha. Ni fupi. Inasema niliona seli ile kabla ya kuchora, nikaiacha kwa makusudi. Inasema mwanafunzi wangu alifanya jaribio sahihi mara nne na sikuharibu kazi yake kwa kutokujua. Inasema oda ile haipo, na jina lifutwe. Inamtaja kwa jina lake kamili, ambalo hapa siliandiki kwa sababu humu kila mtu anaitwa ninavyomwita mimi, na barua ni mahali pa kumwita anavyoitwa. Mdogo wangu alisoma, akasema, "Hiyo hakimu angeielewa."

Sijui kama Jicho atakuja.

Aprili 10
Alikuja saa tatu asubuhi. Ameomba ruhusa kazini. Hakusema chochote kuhusu hospitali, nami sikuuliza.

Mdogo wangu alitoa ufunguo. Jicho akanionyesha utepe kabla ya kuukata, nikatambua mnyoo wangu. Alichukua tone, akatia rangi, akasubiri kwa saa yake ya mkononi. Akaleta hadubini hadi kwenye meza ndogo ya kitandani na kuniwekea mito mgongoni. Sikuweza kugeuza skrubu. Akageuza yeye, taratibu, mpaka nikamwambia hapo.

Wote walikuwa weupe. Wembamba, kama glasi iliyooshwa. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine, na safari hii nilimwomba asogeze slaidi pande zote, mpaka ukingo wa kila upande, nisiache hata mmoja. Tulichukua karibu saa nzima. Mdogo wangu akawa anahesabu kwa mistari kwenye karatasi.

"Viini vingapi?" Jicho aliuliza.

"Kimoja."

"Kwa wote?"

"Wote. Kimoja. Hakuna kijani hata chembe." Nikapumzika nipate pumzi. "Hukuchafua kisahani."

Alichukua muda mrefu sana kufunika hadubini, akikunja kitambaa, akikikunjua, akikikunja tena. Mdogo wangu alikwenda jikoni ingawa hakukuwa na kitu motoni.

Baadaye Jicho aliketi. Akaniambia kwamba kila msimu wa mvua viumbe hawa huingia katika sampuli zake za maji ya mji, kabla ya kuchujwa. Miaka thelathini na tano amewaona wakiwa wameshiba, wakiwa na njaa, wameshiba tena. Na kila mara fomu ina nafasi ya kuandika jina la kiumbe.

"Uliandika jina gani?"

"La kwao la zamani. La kwako sijawahi kuliandika hata siku moja."

"Hakuna aliyekuuliza?"

"Nani asome fomu za maji, Mwalimu?" Kwa mara ya kwanza alitabasamu, lakini si kwangu hasa. "Zimo kwenye makabati. Siku mtu akizisoma, atakuta ziko sawa."

Nikampa barua. Aliisoma akiwa amesimama, akaiweka ndani ya bahasha, akasema jibu la jarida likija litakwenda kwake, si kwangu. Nikasema ndivyo inavyofaa. Akamshukuru mdogo wangu kwa chai. Mlangoni akavaa viatu vyake vya mpira, kwa maana mvua ilikuwa imeanza tena, akatoka.

Mdogo wangu aliniuliza kama Jicho amenisamehe. Nikamwambia sikumwomba. Hilo lingekuwa mzigo mwingine wa kubeba kutoka nyumbani kwangu, na Jumatatu ana kazi.